PubMed, kwa anayetaka kumsoma mwanasayansi tangu makala zake za mwanzo

Kazi yangu ni ya maabara. Damu inaletwa kwenye mrija, naitia kingamwili zenye rangi, naipitisha kwenye mashine, na mashine inanipa idadi ya seli za CD4, aina ya chembe nyeupe za damu. Kwenye fomu ya majibu seli hizo zote zinaandikwa kama namba moja. Nilipokuja kufahamu kwamba ndani ya namba hiyo kuna seli ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzao wasiushambulie mwili wenyewe, zinazoitwa leo seli T dhibiti (kwa Kiingereza regulatory T cells), sikutulia mpaka nimjue aliyezigundua na njia aliyopitia. Tarehe 6 Oktoba 2025 Shimon Sakaguchi, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell, walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi hiyo hiyo. Habari zilikuwa za aya mbili tatu. Mimi nikaingia PubMed, tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa tiba.

Haya basi ni maoni yangu kuhusu PubMed, nikiipima kwa kazi moja tu: inaweza kukuonyesha safari ya mtafiti wa kinga ya mwili, hatua kwa hatua, kama alivyoipita mwenyewe? Inaweza, tena kuliko huduma nyingine yoyote ninayoitumia.

Wenye nayo ni Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, Maryland. Umma ulifunguliwa kuitumia bure mwaka 1997, na leo ina rekodi zaidi ya milioni 37 za makala za tiba na biolojia. Hujisajili, hulipi, hakuna matangazo. Unaandika jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina la mtu, unapata orodha. Orodha hiyo mwanzoni inakuja imepangwa kwa kile ambacho mtambo unadhani unakitaka zaidi. Ibadilishe hapo hapo, iwe kwa tarehe, kisha nenda kwenye vijiti vya miaka vilivyo kushoto na urudi nyuma kabisa. Wengi wanaiacha hatua hii, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Ukirudi nyuma na Sakaguchi, unafika mwaka 1982. Hapo kuna makala mbili zinazofuatana katika toleo moja la Journal of Experimental Medicine, jina lake likiwa la kwanza na la Yasuaki Nishizuka likiwa la mwisho. Zote mbili zinasomeka mwanzo hadi mwisho bila malipo, kurasa zilizopigwa picha kama zilivyochapwa. Sakaguchi alisomea udaktari Kyoto, akayaacha masomo ya juu aliyokuwa ameyaanza pale na kwenda Nagoya, kituo cha saratani cha Aichi, kwa sababu Nishizuka alikuwa na jambo lililomnyima usingizi. Mwaka 1969 Nishizuka na Teruyo Sakakura walikuwa wameonyesha kwamba panya jike akitolewa tezi ya thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, ovari zake zinaharibika. Ukingoja hadi siku ya saba, hapatwi na kitu. Thaimasi ndiyo inayokomaza seli T, yaani askari wa kinga. Sasa inakuwaje ukipunguza askari, mwili ndio unashambuliwa zaidi?

Makala ya pili ya 1982 inajibu sehemu ya swali: ukimpa panya huyo seli T kutoka kwa panya jike mzima, ovari zinapona na balaa hilo. Maana yake, katika panya mzima kuna seli zinazozuia. Mwaka 1985 kuna makala nyingine, jarida lile lile, inayolitanua wazo hilo kwa viungo vingine. Mwaka 1988 ipo nyingine, safari hii mwandishi mwenzake ni Noriko Sakaguchi, mkewe. Katika miaka hiyo alikuwa amehamia Marekani, akipitia Johns Hopkins na Stanford.

Ukiisoma orodha kwa mpangilio wa miaka, unamwona mtu anayeuliza swali moja bila kulibadilisha, wakati watu wengine wanalikimbia. Kulikimbia walikuwa na sababu. Miaka ya 1970 wataalamu wengi wa kinga waliamini kuna seli T kandamizi, yaani zinazozizuia nyingine, na Richard Gershon ndiye aliyekuwa mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipokwenda kuitafuta jeni ambayo nadharia ile iliitegemea, mahali ilipopaswa kuwepo haikuwepo. Uwanja mzima ukapoteza heshima. Kuendelea kuandika kuhusu seli zinazozuia baada ya hapo kulitaka moyo. Hakuna wasifu uliowahi kunionyesha jambo hilo vizuri kama ile miaka kumi kati ya 1985 na 1995 kwenye orodha yake.

Makala ya 1995, katika Journal of Immunology, nakushauri uisome muhtasari wake polepole. PubMed inauonyesha wote. Takriban asilimia 10 ya seli za CD4 za panya mzima zina alama iitwayo CD25. Sakaguchi na wenzake walichukua seli za CD4 kutoka tezi za limfu na wengu, wakaziondoa zile zenye CD25, wakawadunga zilizobaki panya waliozaliwa bila thaimasi. Panya wote wakaugua. Sikiliza orodha yenyewe: thairoidi, tumbo, visiwa vya kongosho, tezi za mate, tezi za adrenali, ovari, figo, viungo vya mifupa. Halafu wakawarudishia zile seli zenye CD25 mapema, na magonjwa hayakutokea, na kadiri walivyorudisha nyingi ndivyo kinga ilivyokuwa kubwa. Mimi ninayeshinda na mirija ya CD4 nilibaki nimeshika kichwa. Sehemu ndogo ya kitu ninachokihesabu kama kundi moja ndiyo inayozizuia nyingine zisimle mwenye mwili.

Angalizo kwa mtafutaji: makala hiyo haimo kirahisi ukitafuta kwa jina ambalo seli hizo zinaitwa leo, kwa kuwa kichwa chake hakilitumii. Ifuate kwa jina la mwandishi.

Kutoka hapo telemka chini ya ukurasa, kwenye orodha ya makala zilizoinukuu. Hapa ndipo unapouona ushawishi wa mtu bila kuambiwa na yeyote. Ushawishi wa kweli, kwa maoni yangu, ni pale asiyekuamini anapokwenda maabara kwake na kutoka na majibu yako. Ethan Shevach, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, alikuwa mmoja wa waliozishuku seli kandamizi, na amelisema hilo hadharani. Mwaka 1998 yeye na Angela Thornton walichapisha kwamba seli za CD4 zenye CD25 zinawazuia wenzao hata zikiwa ndani ya chombo cha maabara, nje ya mwili. Maabara yao ilikuwa katika eneo moja na maktaba yenye PubMed kule Bethesda. Jambo dogo, lakini lilinifurahisha.

Baadaye nyuzi zinakutana. Januari 2001, katika Nature Genetics, Brunkow na Ramsdell, waliokuwa wakifanya kazi kwenye kampuni ya bioteknolojia Bothell, jimbo la Washington, waliitaja jeni iliyoharibika kwa panya wa aina ya scurfy, panya dume wagonjwa waliojitokeza Oak Ridge, Tennessee, miaka ya 1940. Jeni hiyo ni Foxp3, iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana dume ndio wanaoumia. Toleo hilo hilo lina makala zinazoonyesha kwamba jeni hiyo ikiharibika kwa watoto wa kiume wanapata ugonjwa wa IPEX, ambao kinga inashambulia utumbo, kongosho na ngozi wangali wachanga. Mwaka 2003 Shohei Hori, Takashi Nomura na Sakaguchi wakaonyesha katika Science kwamba Foxp3 ndiyo inayozitawala seli zile. Maabara ya Alexander Rudensky na ile ya Ramsdell zilitoa majibu yanayofanana mwaka huo huo katika Nature Immunology. PubMed inakuwekea zote tatu kwa utafutaji mmoja, bila kumpandisha mmoja juu ya mwingine, na kwa hilo naiheshimu sana.

Kwa sisi wa maabara kuna kipande kingine ambacho habari za Nobel zilikiruka. CD25 peke yake ni alama yenye shida, kwa kuwa seli T ya kawaida nayo inaivaa inapoamshwa. Foxp3 ni bora, ila imekaa ndani ya kiini. Kuitia rangi lazima utoboe seli, na seli iliyotobolewa imekufa, huwezi kumrudishia mgonjwa. Mwaka 2006 makundi mawili tofauti yalionyesha kwamba kwa binadamu seli hizi zina kidogo tu alama nyingine, CD127, juu ya ngozi yake, kwa hiyo unaweza kuzichambua zikiwa hai. Nilifika huko kwa kubofya orodha ya makala zinazofanana, iliyo chini ya kila rekodi. Kama hujawahi kuigusa, anza leo.

Kasoro zipo, na kubwa ni majina. Rekodi za kabla ya 2002 kwa kawaida zina herufi za kwanza tu, si majina kamili, na Sakaguchi wenye herufi S ni wengi: wapasuaji, madaktari wa meno, watu wa fizikia ya tiba. Vilevile kwa miaka mingi, hadi 2013, ni mwandishi wa kwanza pekee aliyewekewa anwani ya taasisi yake. Bila kuongeza neno kama thaimasi kwa Kiingereza, au jina la mwenzake, unaweza kumpa mtu mmoja kazi za watu watano. Kijana anayeanza utafiti leo ajisajili mapema ORCID, ambako kila mtafiti anapewa namba yake ya utambulisho, atawaondolea wasomaji wake usumbufu huu.

Makala nyingi utapata muhtasari tu, nakala kamili iko nyuma ya malipo ya mchapishaji. Kuna chujio la kubakiza zile za bure, litumie. Lugha ni Kiingereza karibu kote, na kwa mwalimu wa sayansi anayetaka kuwapa wanafunzi wake hilo ni pingamizi kweli. Pia watu waache kusema jambo fulani limethibitishwa kwa sababu liko PubMed. Ni orodha, na ndani yake kuna kazi nzuri na kazi mbovu. Makala iliyofutwa, walau, inawekewa onyo jekundu juu kabisa.

Wengi wataniuliza kuhusu Google Scholar. Ukitaka namba, nenda huko: inakupa jumla ya kunukuliwa na kile kipimo cha h, kinachopima kwa pamoja wingi wa makala za mtu na kunukuliwa kwake, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Inashika vitabu na tasnifu ambazo PubMed haina. Lakini inakupangia kazi za mtu kuanzia iliyonukuliwa zaidi, na kwa mpangilio huo makala za 1982 zinazama chini, pamoja na panya wa siku tatu na swali lililoanzisha yote. Kwa kamati ya kupandisha vyeo sawa. Kwa anayetaka kuelewa mwanasayansi anavyofikiri, hapana.

Huduma ya taarifa kwa barua pepe ni nzuri: unafungua akaunti ya bure, unahifadhi utafutaji wako, na makala mpya zikitoka unaletewa orodha. Mimi nimeweka jina la Sakaguchi, aliyeko Chuo Kikuu cha Osaka, na pembeni nimeweka utafutaji wa seli hizi nikiwa nimechuja majaribio ya tiba kwa binadamu pekee. Pande mbili zinavutana humo: wanaotaka kuziongeza, kwa ajili ya magonjwa ya kinga kujishambulia na upandikizaji wa viungo, na wanaotaka kuzipunguza kwenye uvimbe wa saratani, ambako zinaukinga uvimbe usishambuliwe.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku watakapowatenganisha akina Sakaguchi S wa kabla ya 2002.