Kadi ya zamani ya RAID au mdadm?

RAID huunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, ama kwa kadi maalumu ama kwa mdadm, programu ya Linux. Sasa seva inawaka, diski zinazunguka, lakini kisakinishi cha Linux kinadai hakuna diski hata moja. Kabla hujaitupa kadi, andika lspci -nn, amri inayoorodhesha kadi na vifaa vilivyomo kwenye mashine. Ikionekana pale, basi inayokosekana huenda ni draiva tu, yaani programu inayoiwezesha Linux kuitumia kadi. Red Hat Enterprise Linux 8, iliyotoka 2019, iliacha kuzitambua kadi nyingi za zamani, zikiwemo zenye chipu ya LSI SAS2008.

Ukibaki na kadi, utatafuta draiva ya ELRepo, hazina ya draiva za ziada, na kuikagua tena kila unapobadilisha kerneli, yaani kiini cha Linux. Unachopata ni kashe (kumbukumbu ya muda ya kasi) yenye betri, nayo huharakisha kweli uandishi. Betri ikichoka, kadi nyingi huacha kuitumia kashe hiyo kuandikia, na seva inakuwa nzito ghafla.

Kwa mdadm, maelezo ya safu, yaani jinsi diski zilivyounganishwa, yamo ndani ya diski zenyewe. Ubao mama ukiungua, zichomeke kwenye mashine nyingine ya Linux, andika mdadm --assemble --scan, na data inarudi. Kwa hilo peke yake nachagua mdadm. Ila kabla ya kuhamia mdadm nakili data zote kwanza, maana usitegemee diski zilizopangwa na kadi kusomeka bila kadi hiyo.