DAC na pleya za muziki: ipi ununue kwanza, ipi usubiri

Kila mara mtu ananiuliza, kaka nataka muziki utoke safi, ninunue pleya gani? Na mimi namuuliza kwanza unasikiliza nini na kwa hedifoni gani, maana kama mafaili yako yote ni yale ya kurushiana WhatsApp hata ukichukua mashine ya milioni tatu utasikia uchafu ule ule, tena vizuri zaidi. Halafu kama unatumia za Bluetooth acha kabisa kuhangaika na DAC, yaani kile kinachogeuza namba za faili kuwa sauti, hedifoni za hivyo zina DAC yake ndani, ya simu haiguswi.

Haya, wenye waya tupange.

Namba 1 ni adapta ya Apple ya Type-C kwenda jeki ya hedifoni. Chekeni tu. Marekani ni dola 9 na ndani mna DAC kamili, ukiipima inatoka safi kuliko mashine kibao za bei mbaya. Kasoro yake, kwenye Android nyingi sauti inatoka ndogo, na ile ya Ulaya imebanwa kwenye nusu volti wakati ya Marekani inafika 1, kwa hiyo muulize muuzaji imetoka wapi kabla hujatoa hela.

Namba 2, na mtu wa Android aanzie hapa, ni adapta zenye chipu ya CS43131 ya Cirrus Logic. Zinafika volti 2, basi hata hedifoni kubwa za ohm 300 zinasukumika.

Namba 3 ndo pleya zenyewe, Sony NW-A306, FiiO, HiBy. Unalipia memori kadi na betri ya simu yako kutoisha na simu kutopigwa katikati ya wimbo, sio sauti. Kama hayo yanakukera nunua, ila usimwambie mtu umenunua sauti.

Namba 4 ni R-2R, na hapa ndo watu wanapigana. Chipu za kawaida ni za delta-sigma, zinageuza sauti kwa kasi kubwa mno kwa biti chache halafu kelele inasukumwa juu huko sikio halifiki. R-2R yenyewe ni ngazi ya vipingamizi, kila biti ina kipandio chake, na kwa biti 16 una viwango 65,536, kwa hiyo kipingamizi cha biti kubwa kikikosea hata kidogo tu ngazi yote inapinda na unapata mkwaruzo. Ndo maana zilizotengenezwa sawasawa ni ghali. Sa wale wanaosema R-2R ni laini, tamu, ya kianalogi, wengi wanasikiliza zile zisizo na filta ya kidijitali ya kunyoosha sauti, na bila filta kwenye faili la kHz 44.1 sauti za kHz 20 zinashuka kama dB 3, yaani utamu wenyewe ni treble imepungua! Ukiipenda sawa, mi mwenyewe Cayin RU6, adapta ya R-2R, naielewa, lakini ekwalaiza ya simu ni bure.

Na kwa sie wa Tanga tunaotunza nyimbo za bendi kama Atomic Jazz, Jamhuri Jazz na taarabu ya Black Star na Lucky Star ndo kabisa, zile zilirekodiwa kwenye tepu, zikanakiliwa tepu kwa tepu, mwisho mtu akazibana MP3 ya kbps 128. Biti 16 na kHz 44.1 za CD zinazibeba na nafasi inabaki. Ukimpata mzee pale mtaa wa Ngamiani mwenye kaseti nzuri au sahani, lipa mtu akuhamishie FLAC, faili lisilopoteza kitu likibanwa, hiyo hela itasikika kuliko kubadili chipu.

Ya mwisho kabisa ni vile vipleya vimeandikwa HIFI mgongoni na chipu haitajwi popote. Ongeza kidogo uchukue namba 2.