HX Stomp na mlio wa gitaa la Brian May: mipangilio yangu na pale inapogoma

Ukiwasha HX Stomp ya Line 6, kisanduku cha kidijitali kinachoiga amplifaya na pedali za gitaa (yaani modela), ukachagua modeli ya amplifaya ya Vox AC30 na kuongeza gain mpaka ikwaruze, hutampata Brian May. Utapata AC30 iliyojaa mchanga. Mlio wa mpiga gitaa wa Queen ni mnyororo: gitaa lenye pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) zilizofungwa kwa mfululizo, busta ya trebo (pedali inayokuza zaidi sauti za juu), AC30 iliyofunguliwa volyumu hadi mwisho, spika za Celestion Blue, na kidole kinachocheza na volyumu ya gitaa muda wote. Vile vitatu vya katikati kisanduku hiki kinavimudu vizuri kuliko nilivyotarajia. Cha kwanza na cha mwisho unaleta mwenyewe. (Sisi wa pwani tunamtaja zaidi mwenzake, Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Lakini sehemu kubwa ya kile kinachosikika kama okestra katika rekodi zao za miaka ya 1970 ni gitaa la May lililorekodiwa tabaka juu ya tabaka.)

Gitaa lenyewe, Red Special, alianza kulitengeneza na baba yake mwaka 1963. Lina pikapu tatu za Burns Tri-Sonic, kila moja na swichi yake ya kuwasha na nyingine ya kugeuza fezi, yaani mwelekeo wa wimbi lake. Zimefungwa kwa mfululizo, kwa hiyo ukiwasha mbili nguvu zake zinajumlishwa na midi, yaani sauti za kati, inanenepa. Gitaa la kawaida la Fender Stratocaster (Strat) linafunga pikapu sambamba: ile nafasi ya daraja na kati, ambayo kwa May ndiyo mlio wa kila siku, kwenye Strat inatoka nyembamba na yenye sauti ya kioo. Hapo watu huanza kulaumu modela bure.

Dawa ya kweli ni swichi ndogo ya kufunga pikapu ya daraja na ya kati kwa mfululizo. Fundi wa redio anayejua kuchomelea anaimaliza kwa muda mfupi, na kwenye Strat nyingi za sasa, ambazo pikapu ya kati imezungushwa kinyume, mngurumo wa umeme nao unapungua. Kama hutaki gitaa lako liguswe, weka bloku (kifaa kimoja kwenye mnyororo wa Stomp) ya EQ, kirekebisha masafa, mbele ya kila kitu: ongeza dB 3 hivi kwenye Hz 750, kisha pandisha kiwango cha sauti inayotoka kwenye EQ kwa dB 4 au 5. Si sawasawa, ila inakaribia. Mwenye humbaka, pikapu ya koili mbili, ana tatizo la upande wa pili, unene uliozidi. Akate chini ya Hz 150 kabla ya busta na ateremshe volyumu ya gitaa hadi 7.

Sasa busta. Kwenye HX Stomp inaitwa Deranged Master, nayo inaiga Dallas Rangemaster, kikopo cha miaka ya 1960 chenye transista moja tu ya gerimani (germanium). Rangemaster na AC30 ndivyo May alivyoelekezwa na Rory Gallagher alipomuuliza mlio wake unatoka wapi. Siri iko kwenye kapasita ndogo ya mlangoni, ya nF 5 hivi, inayozuia besi isipite. Amplifaya inapokea midi na trebo zilizopigwa jeki, inakwaruza kwenye masafa hayo, na nyuzi nene hazigeuki matope. Ndiyo maana busta hii haizimwi. Ukiifanya pedali ya kukanyaga wakati wa solo tu, umeshapotea njia.

Iwe bloku ya kwanza kabisa. Impidansi ya mlango wa gitaa (ukinzani ambao gitaa linakutana nao), ile In-Z, ikiwa kwenye Auto huifuata bloku ya kwanza, na Rangemaster ina mlango wa impidansi ndogo unaoulainisha mlio wa pikapu. Ukitanguliza kompresa, au ukachomeka pedali ya nje yenye bafa (saketi inayotenga gitaa na kinachofuata), mawasiliano hayo yanakatika: ukishusha volyumu ya gitaa mlio unapungua ukubwa bila kusafika. Waliotumia EQ mbele kama nilivyosema waache Auto, waweke In-Z kwa mkono kwenye thamani ndogo na kulinganisha kwa sikio.

Amplifaya ni Essex A30. Kuna kasoro ya kujua mapema: inaiga AC30 yenye Top Boost, ilhali May hutumia chaneli ya Normal, ambayo haina vitasa vya besi na trebo. Kwa hiyo ninashusha makali. Drive 6.5, Bass 3, Treble 4, Master 10. Master iache hapo hapo, kwa sababu AC30 ya zamani haina masta na mkwaruzo wake mwingi unatoka kwenye vali nne za EL84 zinazosukumwa hadi zikachoka. Ukubwa wa sauti rekebisha kwa Ch Vol, haibadilishi mlio. Na ukumbuke Cut ya AC30 inafanya kazi kinyume na unavyodhani: kuipandisha ni kupunguza trebo.

Kabati la spika: 2x12 Blue Bell. Kwa modeli ya maikrofoni, nilijaribu 57 Dynamic peke yake ikawa inachoma sikio, nikahamia 121 Ribbon kwa umbali wa inchi 3, nikakata chini ya Hz 90 na juu ya kHz 6.5. Rivabu kidogo sana ya chumba. Basi.

Priseti hii (mipangilio yote iliyohifadhiwa pamoja) ukiisikiliza volyumu ya gitaa ikiwa 10 kila mara, utaiona ina fujo. Solo ni 10. Kodi za nguvu ni 6 au 7. Arpejio safi ni 3 au 4, na hapo inatoa mlio wa kengele ambao huupati kwa kuzima bloku yoyote. Hiki ndicho kilichonifanya niipe Stomp alama za juu: modela nyingi za bei ya chini nilizojaribu zinakwaruza vizuri, lakini ukirudisha volyumu zinakufa.

Kelele utaipata tu, busta inakuza kila kitu pamoja na mngurumo wa Hz 50 wa umeme wetu. Tumia geti, kizuia kelele unapokuwa hupigi, lililo ndani ya bloku ya Input, kwa sababu halili nafasi yoyote kati ya zile bloku nane. Anzia dB -55. Likikata mikia ya noti ndefu, shusha hadi -60 na uvumilie mvumo kidogo.

Kwa solo za kujijibu mwenyewe, May huweka amplifaya kavu katikati na mwangwi pande mbili. Stomp haina nguvu ya kubeba AC30 tatu, lakini Dual Delay, bloku ya mwangwi wa pande mbili, baada ya kabati inatosha: kushoto milisekunde 800, kulia 1600, Feedback sifuri ili kila upande ujibu mara moja tu, Mix kati ya asilimia 40 na 45. Piga sentensi fupi, ngoja ya kwanza irudi, piga juu yake sentensi ileile ikiwa hatua ya tatu ya skeli juu zaidi. Ukitoka kwa waya mmoja wa mono, milio yote mitatu inarundikana katikati. Shusha Mix hadi 25.

Sarafu nayo ina kazi yake. May hupigia sikspensi ya Kiingereza, na ule mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa noti ni meno ya ukingo wake yakisugua uzi. Tafuta sarafu yenye meno, ishike kwa kulegea. Ipitishe kwanza kwenye sumaku: sarafu nyingi za sasa ni chuma kilichopakwa nikeli, zinavutwa na pikapu na kutoa mlio wa "tak" ambao busta inaukuza.

Kuhusu umeme, adapta yake ni ya 9V na 3A. Usiichomeke kwenye tundu la mA 500 la pawa ya pedali. Ukienda kwenye miksa ya kanisa au ukumbi, weka kiwango cha Output kwenye Line, uingie mlango wa laini, na phantom (umeme ambao miksa hupeleka kwenye maikrofoni) izimwe. Ukiingia mbele ya amplifaya ya gitaa, zima kabati, la sivyo utasikia spika ndani ya spika.

Kisichopatikana kwa hedifoni ni ile noti inayoshikilia na kugeuka filimbi yenyewe. Hiyo inataka spika itikise uzi, kwa hiyo simama mita moja kutoka kwenye monita, volyumu ya kuudhi jirani, na uigeukie taratibu mpaka uzi uanze kujibu.