TAHADHARI: Kifurushi cha sola chenye paneli za "wati 300" na betri ya "200Ah". Someni kabla hamjatuma hela

Ndugu zangu, jana usiku nimeliona tena lile tangazo. Picha zile zile, nyumba ile ile ya bati la kijani yenye paneli mbili juu, maneno yale yale: "Kifurushi cha nyumba rafiki wa mazingira, sahau habari za LUKU." Kilichobadilika ni namba ya simu na bei. Mimi niliuziwa 1,380,000, sasa hivi wameshusha hadi 1,250,000. Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza na kumeza hasara yangu, lakini nilipoona watu chini ya tangazo wanauliza "na Morogoro mnafunga?" nikashindwa kulala.

Duka silitaji, kwa sababu malalamiko yangu yako Tume ya Ushindani na sitaki niharibu. Na kusema kweli jina halitawasaidia, maana wanalibadilisha kama wanavyobadilisha laini za simu. Nitaeleza mchezo wenyewe.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani Kivule, Dar es Salaam. Ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 kuingia 2024 ulinikuta na sare za shule mezani, Januari inagonga mlango, wazazi wananipigia simu kila saa. Nikajiapiza kwamba nyumba yangu haitategemea nguzo peke yake tena. Nikaanza na madogo. Taa zote nikaweka za LED. Mpira wa mlango wa friji ulikuwa umelegea (unajaribu hivi: unabana karatasi mlangoni, unaivuta, ikitoka bila ubishi, baridi nayo inatoka hivyo hivyo), nikaubadilisha. Nguo za wateja nikawa nazipiga pasi kwa mkupuo mmoja badala ya kuwasha pasi mara kumi kwa siku. Uniti zilipungua, nikaziona kwa macho yangu. Hiyo sehemu sijutii hata shilingi.

Kosa lilikuja nilipotaka kuruka hadi kwenye sola kwa bei ya mteremko.

Yule kijana muuzaji anajua kuongea, nampa haki yake. Alinijia na habari za mazingira, misitu, wajukuu. Akaniambia serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034, kwa hiyo mimi "mama" nitakuwa nimewatangulia wenzangu. Nikavimba kichwa. Baadaye ndiyo nikakumbuka kwamba mkakati huo, uliozinduliwa Mei 2024, ni wa nishati safi ya kupikia. Unahusu majiko, hauhusiani kabisa na betri yake.

Kifurushi kilikuwa na paneli mbili, kila moja imeandikwa wati 300, betri moja ya volti 12 iliyoandikwa GEL 200Ah (Ah ni ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kutunza), inveta ya "3000W" (ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), taa sita, na zawadi, kidude cha kuchomeka ukutani chenye kataa ka kijani, eti kinapunguza uniti za LUKU kwa nusu. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Akacheka, akasema, "Dada yangu, ukitaka EFD bei inapanda." Akaniandikia ya mkono, ina muhuri wa bluu, haina TIN (namba ya mlipakodi). Hela nikatuma kwa Lipa Namba, na jina lililotokea kwenye simu halikuwa la duka, lilikuwa la mtu. Hapo nilisita. Akasema ni la mhasibu wao. Nikabonyeza namba ya siri.

Mizigo ikaja kwa bodaboda, bodaboda moja! Kijana aliyeileta aliishusha ile betri kwa mkono mmoja, mkono wa pili ameshika simu anaongea na mchumba wake. Nilimwangalia nikasema moyoni, vijana wa siku hizi wana nguvu.

Wakafunga, taa zikawaka, nikapiga picha nikawatumia ndugu. Ile jioni ya kwanza tulihamia kwenye sola saa kumi na mbili na nusu: taa, televisheni na friji. Saa tatu kasorobo inveta ikaanza kulia pii, pii, pii, kisha giza. Friji nayo muda wote ilikuwa inaunguruma kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama mtu anakoroma na mafua. Nikampigia muuzaji. Akasema betri mpya inahitaji wiki ijaze vizuri. Wiki ikapita, saa tatu kasorobo ni ile ile. Akasema jua la Kivule ni dogo. Hapo nikajua nimeliwa, maana jua la Kivule na la Kariakoo ni moja.

Nikamwita fundi umeme wa mtaani kwetu, mzee mmoja asiye na maneno mengi. Alipanda juu saa saba mchana, anga jeupe, hakuna wingu la kusingizia. Alikuwa na mita ya kubana, ile yenye mdomo kama wa kaa. Kibandiko nyuma ya paneli kinasema zikiunganishwa nyaya zake mbili itoe ampea 17.8. Mita ikasoma 6.4. Akahamia paneli ya pili, 6.3. (Msijaribu wenyewe na zile mita ndogo za elfu kumi, nyingi mwisho wake ni ampea 10, na paneli halali kubwa itaiunguza mkononi.) Akaniuliza swali moja tu: "Mama, ulizipima?"

Mimi ninayewapima watu mabega na viuno kutwa nzima nilinunua paneli kwa macho. Nikachukua futi yangu ya shingoni nikampa. Sentimita 100 kwa 67.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo niliyoifuata kuandika. Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba. Paneli nzuri za siku hizi zinageuza kama asilimia 20 hadi 22 ya hizo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba inakupa kama wati 200 na kidogo, basi. Paneli yangu haifiki hata robo tatu ya mita ya mraba. Hata ingekuwa miongoni mwa hizo nzuri isingefika wati 150, na ile wala si nzuri. Paneli ya wati 300 ya kweli lazima iwe na eneo la karibu mita moja na nusu ya mraba. Zile za wati 550 mnazoziona zikipandishwa maghorofani zina urefu wa mita mbili na robo hivi, zinazidi kilo 25, na hubebwa na watu wawili. Wati hazikunjwi kama kitambaa. Mtu akikuonyesha paneli ya ukubwa wa meza ya chai akakwambia wati 300, muache aendelee na wateja wengine.

Betri tukaipeleka kwa muuza nafaka jirani, akaiweka kwenye mzani wa mahindi. Kilo 20 na nusu. Fundi akatikisa kichwa. Betri za risasi, ziwe za maji au gel, uzito wake ni ile risasi iliyomo ndani, huwezi kuipunguza ukabaki na nguvu ile ile. Ya 100Ah inacheza kwenye kilo 30. Ya 200Ah ya kweli ni kilo 55 hadi 65, hiyo huishushi huku unabembeleza mchumba kwenye simu. Nilipompigia muuzaji kumwambia uzito, akajibu haraka sana: "Hiyo ni teknolojia ya lithiamu mama, ndiyo maana nyepesi." Nikamwambia imeandikwa GEL, herufi kubwa, ninaisoma hapa. Kimya. Kweli lithiamu ni nyepesi, ya 100Ah ina kama kilo 10 hadi 13, ila basi na iandikwe hivyo, na bei yake haifanani kabisa na ile niliyolipa.

Kona ya stika ya betri ilikuwa imeanza kujikunja kwa joto. Betri ikiwa imeshachomolewa nyaya, nikachukua pasi ya moto nikaisogeza kwa mbali, gundi ikalegea, nikaivuta polepole kama ninavyobandua gamu ya kola. Chini yake, yamechapwa kwenye plastiki yenyewe, maandishi mengine kabisa: 12V 65Ah.

Hiyo 65 ndiyo iliyoeleza saa tatu kasorobo. Volti 12 mara 65 ni wati-saa 780. Betri ya risasi ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unabaki na 390. Taa, televisheni na friji yangu kwa pamoja zinakula kama wati 170. Gawanya mwenyewe.

Inveta sina ugomvi mkubwa nayo, nguvu yake hatukuweza kuijaribu kwa betri ile. Ila umeme wake si laini kama wa TANESCO, ndiyo maana friji ilikoroma, na fundi alisema ningeendelea nayo ningeua kompresa.

Nimebakisha ile zawadi. Kidude cha kupunguza uniti kinauzwa sana sasa hivi, hata peke yake, elfu thelathini, elfu hamsini, mpaka kwenye mabasi. Nilikifungua kwa bisibisi. Ndani kuna kapasita moja, vipande viwili vitatu vya kielektroniki, na hako kataa ka kijani. Kabla ya kukifungua nilikijaribu: wiki moja kimechomekwa, wiki moja hakipo, kila asubuhi saa moja naandika namba ya mita ya LUKU kwenye daftari. Kikiwepo nilitumia wastani wa uniti 4.2 kwa siku. Kisipokuwepo, 4.1. Mita ya nyumbani inahesabu kilowati-saa, yaani umeme ulioutumia kweli. Kapasita inarekebisha kitu kingine ambacho wateja wakubwa kama viwanda ndio wanaoweza kuona faida yake kwenye ankara, wewe na mimi hatutozwi hicho. Na akitokea mwingine anakwambia "basi nikufungulie mita niichezee kidogo," huyo anakupeleka jela.

Nilirudi dukani na betri, stika na fundi wangu. Nikaambiwa kijana aliyeniuzia "hayupo kikazi". Mara ya pili nikaambiwa waranti imevunjika kwa sababu nimebandua stika! Yaani kosa limekuwa langu kwa kuona kilichofichwa. Mara ya tatu fremu ilikuwa inauza vitenge. WhatsApp nimeshafungiwa.

Basi kama unataka sola, na mimi bado naitaka, nenda na futi na ujue pa kupata mzani kabla hujalipa. Muuzaji halali hakasiriki ukimpimia paneli. Nilikonunua safari ya pili, mzee wa duka alinishikia ncha ya futi mwenyewe. Nilinunua paneli moja tu na betri ya 100Ah ya kilo 31, kwa ajili ya taa na cherehani, friji nimeiacha TANESCO mpaka Mungu atakapojalia. Dai risiti ya EFD, sheria inamtaka yeye aitoe na wewe uidai, kisha ihakiki kwenye tovuti ya TRA ukiwa hapo hapo dukani. Jina la Lipa Namba lifanane na la kwenye risiti. Na lile tangazo, usilijibu hata kwa kutania.

Kama umeshanunua kwao, usiiuze betri kwa wanunuzi wa chuma chakavu kwanza. Piga picha ya stika ya juu, bandua, piga picha ya kilichopo chini, pima uzito mbele ya shahidi, uende Tume ya Ushindani. Bidhaa yenye alama ya uongo inaangukia Sheria ya Alama za Bidhaa, na ubora wa bidhaa unaweza pia kuulalamikia TBS. Namba za simu wanazotumia kukudai hela kwa ujumbe, zipeleke 15040. Stika yangu nimeibandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, nikaandika tarehe na fundi akatia sahihi.

Wenye risiti ya mkono yenye muhuri wa bluu usio na TIN, nitumieni ujumbe faragha tuunganishe malalamiko. Mpaka leo asubuhi tuko watatu, mmoja yuko Chanika, mwingine Kibaha, na wote watatu betri zetu zinazima kati ya saa mbili na saa tatu usiku.