Miezi minane na pochi ya kifaa, hapa Dodoma

Nachora ramani za nyumba. Wateja wangu wengi ni Watanzania walioko nje wanaojenga Iyumbu, Nala na Ihumwa tangu Serikali ihamie huku, na tangu mwaka juzi baadhi yao wananilipa kwa sarafu za mtandaoni: USDT, ambayo moja hulenga kuwa sawa na dola moja, na mmoja kwa bitcoin. Pesa hiyo yote ilikuwa inakaa kwenye pochi ya simu, yaani programu ya kutunzia sarafu hizi, kwenye simu ileile ninayowapa watoto wa dada yangu wachezee gemu. Siku nilipojumlisha nikakuta imefika bei ya kiwanja, usingizi ukanipungua. Ndipo nikaanza kutafuta pochi ya kifaa, kitu cha kushika mkononi cha kutunzia sarafu hizi nje ya simu.

Ni kidogo kama flashi, kina kioo cha upana wa kidole na vitufe viwili. Betri hakina, unakichomeka kwa waya. Kazi yake ni kuufungia ufunguo wa siri, ile namba inayoruhusu pesa kutoka, ndani ili usiguse intaneti hata mara moja: kompyuta inaandaa muamala, kifaa kinausaini humohumo ndani, kinachotoka nje ni saini peke yake. Cha kwanza cha aina hii, Trezor, kilitoka Jamhuri ya Czech mwaka 2014, na sasa viko vya kampuni nyingi. Changu sikitaji jina, maana karibu yote ninayoyasema utayakuta kwenye vyote.

Kabla ya kuagiza nilizunguka mjini. Kuna duka moja la vifaa vya simu, muuzaji mchangamfu, akanitolea boksi kutoka chini ya kaunta. "Dada yangu, hiki kimeshaandaliwa kabisa, maneno yako haya hapa, wewe ni kuingiza pesa tu." Kadi ilikuwa imejazwa maneno yote 24 kwa kalamu ya bluu. Nikamshukuru, nikamrudishia. Maneno yale ni ufunguo wa siri ulioandikwa kwa maneno ya kawaida, kwa hiyo ndiyo pesa yenyewe. Aliyeyaandika anaweza kukaa kwake hata Kigoma, akayaingiza kwenye kifaa kingine, akachukua kila nitakachoweka, na boksi langu likabaki kabatini salama. Kifaa halali kinakutengenezea maneno mbele ya macho yako, kwenye kioo chake, na kadi inakuja tupu. Ukikuta imeandikwa, ondoka.

Mwishowe mteja wangu wa Ujerumani alininunulia moja kwa moja kwa watengenezaji, dola 79, akaja nacho alipokuja likizo kukagua msingi wake. Nilikipokea stesheni ya SGR, boksi halijafunguliwa.

Sikuweka hata senti siku ile. Niliandika maneno yangu 24 kwa mkono, nikahakiki, kisha nikakosea namba ya siri mara tatu kwa makusudi hadi kifaa kikajifuta chote. Halafu nikakirudisha kwa maneno yale. Kwa vitufe viwili, unapita herufi moja baada ya nyingine, ilinichukua karibu dakika 40 na kidole gumba kiliniuma. Lakini anwani ya kupokelea pesa iliyotokea ilikuwa ileile niliyoiandika pembeni kabla ya kufuta, na tangu dakika ile wasiwasi wa kifaa kuibiwa au kutumbukia kwenye ndoo ya maji uliniisha. Naomba sana mtu asiiruke hatua hii. Ukigundua neno moja umelikosea wakati hakuna pesa ndani, unaandika upya tu.

Sasa kuhamisha kwenyewe. Kutoka simu kwenda kifaa, unafungua programu ya kifaa kwenye kompyuta, unaomba anwani ya kupokelea, na kifaa kinaionyesha kwenye kioo chake. Hapo ndipo ninapokaa. Anwani ya USDT kwenye Tron, mmoja wa mitandao inayopitisha sarafu hiyo na ndio ninaoutumia, ina herufi na tarakimu 34, ya kwanza ni T, na kioo kinaionyesha vipande vipande. Naweka simu kushoto, kifaa kulia, nasoma kwa sauti ya chini nnennenne hadi mwisho. Kompyuta inaweza kuwa na kirusi kinachobadilisha anwani pale unaponakili na kubandika, na kioo cha kompyuta kikakudanganya. Kile kioo kidogo kirusi cha kompyuta hakikifikii.

Kwa nini hadi mwisho, badala ya kuangalia mwanzo na mwisho tu? Februari niliona kwenye orodha ya miamala yangu USDT ya thamani ndogo sana imeingia, wala sikumjua mtumaji. Nilipotazama vizuri, anwani yake ilianza na kuishia sawasawa na anwani ninayoitumia kila mwezi. Katikati ndiko ilikotofautiana. Mwizi anatengeneza anwani inayofanana, anaipenyeza kwenye historia yako, kisha anasubiri siku utakaponakili kutoka humo kwa haraka. Tangu hapo historia ni ya kusoma tu, sinakili kitu humo.

Ninatuma kidogo kwanza, kisha nasubiri kifike, kisha nachota sehemu yake na kukirudisha kwenye simu, ndipo natuma kilichobaki. Ndiyo, unalipa ada zaidi ya mara moja, na kwenye bitcoin ada haiangalii ukubwa wa pesa, inaangalia uzito wa muamala na msongamano wa siku hiyo. Nalipa. Benki Kuu ilishatangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si pesa halali nchini, na mnyororo wenyewe, lile daftari la mtandaoni linaloandika kila muamala, hauna dirisha la malalamiko. Ikienda kusiko, imekwenda.

Kilichonikwamisha mwanzoni, kabla sijawa na tabia hiyo ya kujaribu kurudisha, ni kurudi kwenyewe. Nilihitaji USDT 150 nimlipe mpimaji wa ardhi, nikabonyeza kutuma kutoka kwenye kifaa, ikagoma. Kwenye Tron ada ya kutuma USDT inalipwa kwa TRX, sarafu ya mtandao wenyewe, na mimi sikuwa na TRX hata moja. Pesa naiona, haitoki. Kijitabu cha kwenye boksi hakilisemi hili popote, na hilo ninawalaumu watengenezaji. Nililazimika kumwomba rafiki anitumie TRX, mpimaji akasubiri hadi jioni. Weka TRX kidogo kwenye kifaa mapema, iishi humo.

La mdogo wangu linaniuma zaidi, kwa sababu nilikuwa chumba cha pili. Anasoma UDOM, alinunua kifaa kama changu, na ili asilipe ada aliyaandika maneno yake 24 kwenye programu ya simu. "Dada, zimehamia zenyewe, sijalipa kitu!" Hazikuhama. Aliuchukua ufunguo uliokuwa umefungiwa akauweka kwenye simu yenye intaneti, na kifaa chake kikawa hakilindi chochote tena. Tulikaa hadi saa sita usiku: kukifuta kifaa, kutengeneza maneno mapya, kutuma kila kitu kwenye anwani mpya, ada juu ya ada. Pochi ya simu iwe na maneno yake, ya kifaa na yake, na kati ya hizo mbili kipite kitu kimoja tu, muamala. Vivyo hivyo anayejiita huduma kwa wateja akikutumia ujumbe kuulizia maneno, kampuni yoyote ya kweli haina haja nayo.

Kadi ya karatasi niliipeleka kwa mama, Mvumi, ikakaa kwenye kasha la bati. Anayeifahamu Mvumi anajua kinachofuata. Niliporudi baada ya mvua, mchwa walikuwa wamepanda kupitia ukutani na kula kona nzima ya kadi pamoja na vyeti vya ubatizo. Bahati kifaa kilikuwa kizima, nikazitoa pesa kwa muda, nikakifuta na kutengeneza maneno mapya. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea hapa Majengo, nikanunua kipande cha chuma kisichoshika kutu na kumwazima panchi zake za herufi. Alitaka kunigongea mwenyewe, nikamwambia, "Fundi, hili niachie." Orodha ya maneno haya ina maneno 2048, na ilitungwa hivi kwamba herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila moja. Kwa hiyo niligonga herufi nne nne, nimejifungia stoo, jasho linatoka. Orodha ipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kihispania na lugha nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo, na ningependa sana kiwemo, mama yangu angekuwa anaweza kuyasoma.

Malalamiko mengine ni madogo. Juani kioo hakisomeki. Vumbi la Dodoma linaingia kwenye tundu la waya, nakifunga kwenye soksi ya mtoto. Masasisho ya programu ya ndani huwa nayafanya kwenye laptopu yenye chaji, umeme ukikatika katikati nisihangaike.

Nakipa nne kati ya tano, moja limeondoka na ile TRX. Mwenye laki moja ya majaribio kwenye simu asihangaike nacho, kifaa chenyewe kinagharimu kama laki mbili. Mimi kwenye simu naacha matumizi ya mwezi, mengine yote yako kwenye kifaa. Kipande cha chuma kiko Mvumi, ndani ya mtungi wa mama wa mtama. Mama anajua hakitakiwi kuguswa hadi mdogo wangu aje mwenyewe kukiulizia, na mdogo wangu nimeshamkalisha mara mbili akarudisha kifaa kitupu kwa maneno ya mazoezi, peke yake, mimi nikiwa jikoni.