TAHADHARI: Nimetoa laptopu nzima, nimepewa i7 ya stika

Assalaam alaykum jamaa. Siku tisa nalala na jambo hili na kuamka nalo, kila nikiandika nafuta kwa haya. Leo sifuti. Nimepigwa. Mchana kweupe, kwa mikono yangu mwenyewe, nimetoa laptopu yangu nzima na laki moja na nusu juu yake, nikabeba boksi la kompyuta ya mezani la mwaka 2011. Anayetaka kucheka acheke sasa, halafu asome.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, nikataka mashine yenye nguvu zaidi.

Nilifika dukani Darajani, mjini Unguja, baada ya alasiri. Jamaa alinipokea kama ami yangu karudi kutoka Oman. "Karibu sheikh wangu, keti." Ikaja kahawa, ikaja na kashata. Na msinambie nilikuwa mjinga tu, kwa sababu huyu mtu namuona msikitini, safu ya mbele, na aliyenielekeza kwake ni binamu yangu wa damu (binamu, nawe tuna mazungumzo yetu). Duka lina vioo, lina feni, lina kijana wa kufuta vumbi. Mtu wa namna hii utamdhania nini?

Juu ya meza pana boksi jeusi linang'ara, lina stika ya buluu imeandikwa i7, jina la prosesa za Intel za daraja la juu kuliko i5 (prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta). Akabonyeza, na Windows ikafunguka kabla sijameza funda la pili la kahawa. Nikasema mashaallah. Sasa ndiyo najua kwamba ile ni kazi ya SSD, diski ya kisasa yenye kasi, aliyoipachika. Ukiiwekea SSD hata kompyuta ya marehemu babu itaamka mbio, prosesa haina sifa hapo.

Akafungua ukurasa wa sifa za mashine. Nilisoma mwenyewe, kwa macho haya: Intel Core i7-2600, 3.40 GHz. Akafungua na wa laptopu yangu: i5-1235U, 1.30 GHz. Akageuza karatasi ya risiti, akaandika kwa kalamu nyekundu, saba juu ya tano, 3.4 juu ya 1.3, wati 95 juu ya wati 15. "Sheikh, wewe umesoma. Ipi kubwa hapo? Hili ni lori, hiyo yako vespa." Na miye na skuli yangu yote nikatikisa kichwa. Ile karatasi ninayo bado.

Hata hivyo nilisita, Mungu ni shahidi. Nikamwambia tupime. Na hapa ndipo panaponichoma, maana kipimo nilikitaka mimi. Tukachukua folda moja ya picha za harusi, tukaiweka kwenye mashine zote mbili, tuifunge iwe zip, yaani faili moja lililobanwa, tuone nani anamaliza mwanzo. Akaangalia ukutani, akasema matundu ya umeme hayatoshi, akachomoa chaja ya laptopu yangu akachomeka boksi lake. Kisha akainamia laptopu, "napunguza mwanga kidogo, unaniumiza macho." Nikamwachia. Nilikuwa natafuna kashata! Kumbe hakupunguza mwanga peke yake, aliiweka katika hali ya kubana betri, na betri yenyewe ilikuwa asilimia 18. Boksi likamaliza, laptopu iko nusu ya safari. "Umeona mwenyewe?" Nimeona mwenyewe. Nikahesabu noti.

Usiku ule ule nikaanza kazi. Video za simu, zilizobanwa kwa mtindo wa H.265 kama simu nyingi za sasa, zikawa zinarukaruka, bibi harusi anatoka mlangoni kwa vipande. Prosesa za enzi ile hazina sehemu maalumu ya kufungulia video za aina hiyo, inabidi zisukume kwa nguvu za mwili, wakati laptopu yangu ilikuwa inafungua bila kutoa jasho. Kipande nilichozoea kukitoa kwa dakika kumi na mbili kilifika dakika hamsini hakijesha, na kwenye hiyo dakika ya hamsini umeme ukakatika. Laptopu ingebaki na betri yake. Boksi likasema pu, kimya. Mke wangu akauliza kutoka chumbani, "Ndiyo hiyo mpya?" Sikujibu.

Asubuhi nikalipakia kwenye gari hadi kwa fundi wa pale Amani. Akaliwasha, akaingia kwenye BIOS, ile programu ya mashine yenyewe inayotangulia, kabla ya Windows kuamka, akaniita nisogee. Pameandikwa i5-2400. Nikamwambia haiwezekani, ni i7. Akazima, akafungua feni, akafuta ile pesti ya kupitishia joto iliyokauka kama ugali wa jana, na juu ya bati la prosesa pamechongwa wazi: i5-2400, 3.10GHz. Jina la i7 lilikuwa ndani ya Windows tu. Pana programu ndogo imefichwa, kila mashine ikiwaka inaandika jina la uongo pale unaposoma sifa. Yaani mtu kakaa, katunga, kajaribu, kisha kaenda kuswali!

Fundi hakunicheka, akanifundisha. Kwanza, hata ingekuwa i7-2600 ya kweli, viini vinne (ndivyo vinavyofanya kazi) na nyuzi nane (kazi inazoshika kwa pamoja), ni mashine ya Januari 2011, kizazi cha pili. Yangu ni kizazi cha 12, ya 2022, viini kumi, viwili vikubwa na vinane vidogo, nyuzi 12. Ile 1.3 ni mwendo wa kuanzia tu. Ikipewa umeme wake inapanda hadi 4.4. Halafu GHz inahesabu mapigo, haisemi kila pigo linafanya kazi kiasi gani, na kwa pigo moja za sasa zinafanya kazi nyingi zaidi. Na zile wati 95 alizoniandikia kwa wino mwekundu si nguvu, ni ulaji na joto. Lori gani! Nimenunua jiko, nalilisha unit za umeme wa Tukuza.

Nikarudi dukani. Hakuna kahawa. "Ulipima mwenyewe, mali imeshatoka." Kijana wa vumbi anaangalia chini. Mtu huyu asiachwe. Ahamishwe safu ya mbele, aitwe kwa sheha wa mtaa mbele ya watu, apelekwe Chuo cha Mafunzo, yaani jela yetu, akafunzwe kweli. Apewe hili boksi ahariri nalo video za harusi kumi, mchana wa Februari, bila feni. Jina silitaji, mke wangu kanikataza, wanaojua wanajua.

Mkienda kununua, zimeni, washeni, msome BIOS na si Windows. Tazameni tarakimu baada ya kistari: 2400, 2600 ni za kizazi cha pili, 1235 ni cha 12. Windows 11 haizikubali rasmi Intel za kabla ya kizazi cha nane, isipokuwa chache za kizazi cha saba, na Windows 10 ilikatiwa msaada Oktoba 2025, kwa hiyo ukiona boksi la kizazi cha pili lina 11, ujue imelazimishwa. Na chaja yako asiiguse mtu.

Jana nimepita pale kwa upande wa pili wa barabara. Laptopu yangu iko kwenye kioo, milioni moja na laki tatu, na stika ya kipepeo aliyobandika binti yangu bado ipo pembeni mwa kiguso. Ukiiona usiinunue, nipigie.