Betri ya pikipiki imekufa: kabla ya kulipa, jua imekaa rafuni tangu lini

Malalamiko huwa yale yale. Betri mpya, haijamaliza miezi mitatu, ukibonyeza stata inalia tik-tik-tik na taa ya mbele inasinzia. Muuzaji anasema pikipiki ndiyo mbovu, fundi anasema umeuziwa feki. Mara nyingi hakuna aliyepatia: betri ilizeekea dukani.

Volti 12, ukubwa wa boksi, namba ya modeli, vyote vimeandikwa kwenye ile ya zamani, basi tusipotezeane muda. Mimi nang'ang'ania umri. Betri ikishatiwa asidi haikai tu ikimsubiri mnunuzi. Inajimaliza yenyewe kidogo kidogo, na joto likipanda nyuzi 10 tu za Selsiasi kasi hiyo inakaribia kuwa maradufu. Ikishuka chini ya volti 12.4 na ikatelekezwa, salfati ya risasi inagandia kwenye sahani (vile vibamba vya risasi vya ndani) na kuwa fuwele ngumu ambazo chaja haiziondoi tena. Hapo ndipo watu wanapoliwa. Ukiichaji, inapanda hadi 12.8 bila tabu, mita inakuridhisha. Lakini sehemu ya sahani inayofanya kazi imebaki ndogo, na stata ikidai makumi ya ampea kwa mpigo, volti zinaporomoka hadi 8. Betri nzima haitakiwi kushuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka.

Kwa hiyo nenda na mita yako. Iweke kwenye volti DC 20, gusa chanya na hasi. Ikisoma 12.7 au zaidi, chukua. Chini ya 12.4, irudishe rafuni, na usikubali ile ya "subiri nikuchajie kidogo", maana chaji hiyo ndiyo inayofuta ushahidi. Ikisoma 13 na kitu, huenda imetoka kwenye chaja sasa hivi. Ipime tena baada ya saa mbili.

Sasa nizipange aina za betri, nikianza na bora.

Namba moja ni AGM, yaani betri ambayo asidi yake hunyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo kati ya sahani, inayokuja kavu na chupa yake ya asidi pembeni. Kwenye betri za kampuni ya Yuasa utaitambua kwa herufi BS mwishoni, kama YTX7L-BS. Ndiyo, naipendelea Yuasa na sioni haya. Sababu ni ile ile ya umri: almradi karatasi ya kuziba matundu haijachanika, sahani hazijakutana na asidi, na maisha yake yanaanza mikononi mwako. Kagua tu isiwe ya kughushi: maandishi yaliyofifia au boksi lisilo na chupa, achana nayo. Hiyo L inamaanisha chanya iko kulia ukiigeuza upande wa terminali ukuelekee. YTX9-BS haina L, chanya yake iko kushoto. Ukikosea hapo waya hazifiki, na anayelazimisha hadi akazifunga kinyume ndiye anayeunguza fyuzi au regulata, kile kifaa kinachodhibiti volti za kuchaji.

Kuijaza: vaa glavu na miwani, weka betri sehemu tambarare. Ng'oa karatasi iliyoziba matundu ya betri, lakini karatasi za vikombe sita vya asidi usizitoboe. Pindua chupa, kandamiza, tazama mapovu yakipanda katika vikombe vyote sita. Kimoja kikigoma, gonga kitako chake kwa kidole. Subiri dakika 20 hadi tone la mwisho, toa chupa, egesha mfuniko bila kuukaza, iache nusu saa. Kisha ichaji, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu betri iliyojazwa tu ina takriban 80% ya chaji. Tumia sehemu moja ya kumi ya uwezo wake: YTX7L-BS ni Ah 6 (ampea-saa, kipimo cha uwezo), basi ampea 0.6, saa 5 hadi 10. Ukimaliza kandamiza mfuniko ukae, na usiufungue tena maisha yake yote.

Namba mbili, AGM iliyojazwa na kuzibwa kiwandani. Nzuri, kwa sharti la mita. Motobatt zenye terminali nne zinasaidia pale ambapo waya za pikipiki ni fupi.

Namba tatu, lithiamu. Nyepesi sana, inasoma 13.3 ikiwa imepumzika. Lakini regulata chakavu inayosukuma 15 inaiua, na haipaswi kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya sifuri. Pima kwanza volti za kuchaji injini ikiwa kwenye mizunguko 5,000 kwa dakika: kati ya 13.8 na 14.5 ndiyo unayoitaka. Kipimo hiki kifanye hata kama hununui lithiamu.

Mwisho kabisa, ya bei ya chini ya kuongeza maji. Itawasha pikipiki. Toa kifuniko chekundu kinachoziba tundu la mpira wa kutolea hewa, la sivyo boksi litapasuka. Na "maji ya betri" ni jina la vitu viwili: asidi hutiwa mara moja tu, siku ya kwanza, baada ya hapo ni maji yaliyosafishwa pekee.

Kufunga ni kazi ya bisibisi na spana namba 8 au 10. Toa hasi kwanza, rudisha hasi mwisho, ili spana ikigusa fremu ukiwa kwenye chanya kusiwe na cheche. Nati ya terminali ikizama kila ukiweka bolti, chomeka kipande cha mpira chini yake.

Neno langu kwa wauzaji: betri iliyolala mwaka mzima inauzwa bei ile ile na iliyoshuka jana, na stika ya bei inabandikwa juu ya tarehe kana kwamba ni bahati mbaya. Kisha betri yako ya zamani "acha tu hapo, tutaitupa". Haitupwi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na risasi inauzwa kwa kilo. Dai ipunguzwe kwenye bei kabla hujafungua pochi, ukishalipa hawakusikii.